Tunduma: mji unaolala na malori

Ukitoka Mbeya na basi la asubuhi kuelekea mpakani mwa Zambia, kuna mahali ukishapita Vwawa unaanza kuyaona. Kwanza mawili matatu yamepaki pembeni, unadhani pancha tu. Afu kumi. Afu unaacha kuhesabu maana sasa ni ukuta, semi nyuma ya semi, tenka, makontena, tela zimebeba matrekta, utingo kajilaza kwenye turubai chini ya tela, jiko la mchina linachemsha chai pembeni ya tairi, na basi lenu linaenda kwa kuibia, likiona upande wa pili peupe linachomoka, likiona gari inakuja linajibana. Siku mbaya hali hiyo inaanza makumi ya kilomita kabla ya geti. Konda anapiga kelele watu wa Tunduma jiandaeni na Tunduma yenyewe bado hujaiona.

Mi nimepita pale kama abiria mara kadhaa, ila mara moja nilifika na semi ya binamu yangu anayepiga ruti ya Kongo nikakaa naye siku mbili akisubiri karatasi. Siku mbili za kukaa tu. Ndo nikaanza kuuangalia mji kwa jicho la mtu aliyepaki, na nakwambia ukipaki unaona mambo ambayo ukiwa kwenye basi huyaoni hata ukipita mara hamsini.

Kisa ninachotaka kukichambua ni hiki kimoja. Mji wa kati, uko kwenye njia kuu ya mizigo, unakua kwa kasi ya kutisha, kila mwenye mradi anakuja na lami, na bado mvua ikinyesha unashangaa hiyo hela ilienda wapi. Hoja yangu naisema mapema ili usihangaike kuitafuta: malori kupita Tunduma sio shida, shida ni malori kusimama, na pale yanaposimama hapana mwenyewe.

Tuanze na jiografia maana ndo inabana kila kitu. Kutoka Dar mpaka Tunduma ni kama kilomita 930 kwa ile barabara ya Tanzam iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 60 mpaka mwanzoni mwa 70, enzi ambazo Zambia ilikuwa inatafuta kwa hali na mali njia ya kwenda baharini bila kupita Rhodesia na nchi nyingine za walowezi huko kusini. Reli ya TAZARA nayo, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka New Kapiri Mposhi, ilianza kazi rasmi 1976 na inapita hapohapo. Afu barabara ya Sumbawanga, ile iliyowekwa lami kwa hela za MCC, mfuko wa misaada wa Wamarekani, inakuja kuungana na Tanzam humohumo mjini karibu kabisa na mpaka. Kwa hiyo mahindi ya Rukwa, shaba ya Kongo inayoshuka bandarini, mafuta na salfa inayopanda migodini, gari za IT, yaani zilizoshushwa bandarini zikiendeshwa kwenda nchi jirani, zinazokimbizwa usiku kucha na vijana wasiolala, mabasi, bajaji, bodaboda, na mama anayevuka kwenda kununua kitu Nakonde upande wa Zambia, wote wanaingia kwenye shingo moja ya chupa. Na geti la mpaka haliko nje ya mji. Liko katikati. Ukisimama mtaa fulani wa Tunduma, duka la ng'ambo ya barabara linauza kwa kwacha.

Sasa weka watu juu ya hiyo. Sensa ya 2012 iliikuta Tunduma na watu karibu laki moja. Ya 2022 ikaikuta na zaidi ya laki mbili. Mara mbili kwa miaka kumi, wakati nchi nzima ilikuwa inakua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka ambayo wenyewe wataalamu wanasema ni kubwa. Mkoa wa Songwe ulipokatwa kutoka Mbeya 2016 makao makuu yakawekwa Vwawa, na sina ugomvi na hilo, ila matokeo yake ni kwamba ofisi ziko kwingine na watu wako kwingine. Mji unaoongezeka watu hivyo ungehangaika hata kama usingekuwa na lori hata moja. Maji peke yake ni mtihani, muulize yeyote aliyewahi kupanga chumba pale habari ya madumu.

Afu ikaja ile OSBP, kituo cha pamoja cha forodha, marais wawili Magufuli na Lungu wakakizindua Oktoba 5, 2019. Wazo lenyewe zuri, halina ubishi, na Afrika lilianzia Chirundu mpakani mwa Zambia na Zimbabwe mwaka 2009. Zamani lori lilikuwa linasimama upande wa Tanzania linagongewa la kutoka, linavuka hatua chache, linasimama tena upande wa Zambia linaanza upya. Sasa hivi linasimama mara moja tu, kwenye nchi linakoingia, maafisa wa nchi zote mbili wamekaa jengo moja. Kazi ya mara mbili ikawa mara moja. Muda wa kukaa ndani ya geti ukapungua kweli, madereva wenyewe wanakiri.

Lakini watu wakasahau kitu kimoja. Geti hata likiwa na kasi ya umeme, gari ambayo karatasi zake hazijakamilika haiendi getini. Inasubiri. Mwenye mzigo yuko Lubumbashi au Lusaka hajalipa kodi, wakala wa forodha anasubiri hela iingie, kibali fulani kimeandikwa namba ya tela kimakosa, mtandao umelala, ni ijumaa jioni, sababu ziko mia na nyingi haziko mikononi mwa mtu yeyote aliyepo Tunduma. Binamu yangu yeye karatasi yake moja ilikuwa na kosa la herufi. Siku mbili. Na hizo siku mbili lori la tani hamsini na kitu linazikaa wapi? Begani mwa barabara, mbele ya duka la mtu.

Hapo ndo utaona jinsi OSBP na mji ni vitu viwili. Mradi wa mpaka unapimwa kwa masaa kuanzia gari linapoingia kwenye uzio mpaka linapotoka. Kinachotokea nje ya uzio hakimo kwenye kipimo, kwa hiyo kwenye ripoti kila kitu kijani na kwenye barabara foleni ipo palepale. Na likitokea la kutokea, mji ndo unakuwa stoo. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya wagonjwa wengi wa korona kuonekana upande ule. Uamuzi ulifanyika Lusaka, na malori yakalala mitaani Tunduma.

Tupige hesabu kidogo, ya kichwani tu, kila mtu anaweza kuifanya. Semi moja na tela lake ni kama mita 18 mpaka 20, weka nafasi kidogo mbele na nyuma, kilomita moja ya barabara inameza kama malori 45 kwa mstari mmoja. Malori 500 yaliyosimama ni kilomita 11. Ukiyapeleka kwenye yadi, kila moja ukilitengea mita za mraba 150 ikiwemo njia ya kugeuzia, malori 300 yanakula hekta nne na nusu, yaani ekari 11 na kidogo. Ekari kumi na moja! Kuna watu wana mashamba ya parachichi makubwa kuliko hapo. Ninachotaka uone ni kwamba hii sio ishu ya ukubwa wa kutisha, haihitaji daraja wala handaki.

Sasa njoo tuangalie lori lililosimama linafanya nini, maana hapa ndo kwenye utamu, au uchungu.

La kwanza lami. Wengi wanadhani lori linaharibu barabara likikimbia. Linaharibu zaidi likitambaa na kusimama, kwa sababu lami ni kitu cha kunata, ukiibonyeza haraka inarudi, ukiibonyeza pole pole kwenye jua la saa nane inabonyea na kubaki hivyohivyo. Ndo ile mifereji miwili ya matairi unayoiona karibu na mageti, mizani na taa za barabarani, mvua ikinyesha inajaa maji utadhani reli za maji. Kwenye uzito wahandisi wana kanuni yao kwamba uharibifu unapanda kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli, maana yake ekseli ikizidisha asilimia 20 tu inachimba mara mbili. Mizani ya magari pale Mpemba, kabla ya kuingia mjini, ipo kwa ajili hiyo na toka Machi 2019 Tanzania inafuata ile sheria ya Afrika Mashariki ya tani 56 kwa gari zima. Sawa. Ila mizani haipimi dizeli inayodondoka. Nilikaa kwenye ndoo nje ya semi ya binamu nikaangalia tone linatoka kwenye tenki la lori la jirani, tone, tone, chini pameshakuwa peusi kuliko lami yenyewe, nikachokonoa na kijiti kikazama. Dizeli inayeyusha lami, ni ndugu moja wametoka pipa moja. Ukingo umeshalika kama mkate uliotafunwa na panya, na baada ya ukingo ni shimo la udongo ambalo lori linalofuata likitaka kupaki linashukia humo kwa kishindo.

La pili mtaro. Sehemu niliyokaa kuna mtaro wa mawe umejengwa vizuri tu, unaona kabisa fundi alipiga pima maji na kamba. Juu yake pamewekwa mbao, juu ya mbao vibanda, maana wateja wako kwenye malori na malori yako hapo. Chini ya mbao kuna chupa za maji, vifungashio, matambara ya oili, na maji ya kuoshea vyombo yasiyo na pa kwenda. Songwe mvua ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, lakini ikija inakuja. Maji yakikuta mtaro umeziba yanapanda barabarani, yanakuta ule ukingo uliolika, yanaingia chini ya lami. Miezi sita ya hivyo na tayari una mradi mwingine wa kukarabati. Lawama wanapewa wenye vibanda na kila baada ya muda wanabomolewa, wanarudi baada ya wiki, kwa sababu lori likibaki pale hata ukimfukuza muuza chai mara ishirini atarudi mara ishirini na moja.

La tatu, samahani kwa wanaokula, choo. Malori 500, dereva na utingo, weka watu 700 kwa uchache, siku mbili tatu kila mmoja. Kuna gesti na kuna vyoo vya kulipia mjini, ila dereva haachi gari yenye mzigo wa watu aende kilomita mbili kutafuta choo, na wezi wa mafuta na maturubai wapo macho. Anamalizia nyuma ya tairi. Nyuma ya tairi ni ukuta wa nyumba ya mtu. Mpe kila mmoja lita 20 za kunawa na kupikia, ni lita 14,000 kwa siku ambazo mji usio na maji ya kutosha unazitoa na hakuna aliyezipangia.

La nne ndo linaninyima usingizi, tenka. Agosti 10, 2019 pale Msamvu Morogoro, barabara hiihii, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Miezi miwili kasoro kabla marais hawajaenda Tunduma kukata utepe. Kweli mwaka 2023 bomba la TAZAMA, lile la mafuta kutoka Dar mpaka Zambia, lilibadilishwa likaanza kusukuma dizeli badala ya mafuta ghafi, kwa hiyo sehemu ya dizeli ya Zambia ikahamia bombani, lakini petroli na mafuta ya Kongo bado yapo barabarani na yanapofika Tunduma yanasimama mita chache kutoka kwenye jiko la mkaa la mama ntilie. Mimi nilikula wali pale nimeegemea tenka. Sijivunii.

Sasa nani anahusika? Fuatilia lori moja uone. Tairi lake liko juu ya barabara kuu, hiyo ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, pamoja na hifadhi yake, mita 30 kila upande toka katikati kwa sheria ya 2007, zamani ilikuwa 22.5, ndo maana ya zile X za kijani na nyekundu kwenye nyumba za watu. Likichoka kusubiri likakata kona kuingia mtaani kutafuta kivuli, limeingia barabara ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini aliyeanza kazi Julai 2017. Taka zake ni za halmashauri ya mji. Maji ya mamlaka ya maji. Karatasi zake za TRA, mamlaka ya mapato, na wenzao wa Zambia. Kupaki vibaya ni la trafiki. Na sababu ya kusimama iko kwenye simu ya mfanyabiashara Lubumbashi. Kila mmoja kati ya hawa anafanya kazi yake na anaweza kukuonyesha ripoti, na hakuna hata mmoja ambaye kwenye majukumu yake pameandikwa: lori lisilo na karatasi likae hapa.

Halafu kuna upande wa hela ambao watu wengi hawauoni. Mzigo wa tranziti haulipi ushuru wa forodha Tanzania, ndo maana ya tranziti. Tozo ya mafuta anayolipa dereva inaenda Mfuko wa Barabara na kutoka huko kwa miaka mingi mgao ulikuwa sehemu 70 TANROADS, 30 TARURA, huo mji wenyewe haukamati. Ushuru wa huduma unalipwa na kampuni pale ilipo na ofisi, na kampuni nyingi za malori ofisi ziko Dar. Kodi ya jengo imo ndani ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, toka 2021, halmashauri haiikusanyi yenyewe. Kinachobaki kwa halmashauri ni ushuru wa soko, stendi, leseni, na gesti. Na dereva analala kwenye kebini ili abakize mileji yake, ile posho ya safari! Kwa hiyo lori linakaa mjini siku tatu, linaharibu mtaro, linajaza jalala, na mji kisheria haujapata kitu. Ukiwa mkurugenzi wa mji wa namna hiyo hata ukiwa na nia nzuri kama malaika utajengea nini?

Ndo maana mi naona yadi ya malori ni muhimu kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha, maana ndo njia pekee ya lori lenyewe kulipa mji kwa kusimama kwake. Ada ya kupaki, stakabadhi, hela inaingia, inatoka kwenye maji na choo na mlinzi. Yadi za watu binafsi za kulipia zipo na zinajaa, hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba dereva au tajiri wake yuko tayari kulipia usalama.

Kwa nini haipewi kipaumbele basi? Angalia menyu ya miradi ya miji. Mradi wa TACTIC, ule wa miji 45 wa mkopo wa dola milioni 410 kutoka Benki ya Dunia, una vitu vya maana sana, barabara za mjini za lami, mifereji, taa, masoko, stendi. Ila menyu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mji kama mji, iwe Babati, iwe Songea, na mji wa mpakani kwenye korido ya mizigo una ugonjwa wake mwenyewe. Ukiweka lami kilomita tano za mitaa Tunduma bila kushughulikia lori, umeongeza kilomita tano za kupakia malori. Sio utani, mtaa wowote wenye lami na upana unaotosha semi ikageuka, jioni utakuta semi. Taa za solar zikiwashwa ndo kabisa, dereva anapenda kupaki penye mwanga. Na kuna mpango wa muda mrefu wa kutanua Tanzam ya kusini iwe njia nne, Mbeya kipande cha Uyole mpaka uwanja wa ndege wa Songwe kimeshaanza. Nasema kwa heshima zote, njia nne zikifika Tunduma kabla ya yadi, njia mbili zitakuwa parking.

Na tanzu nyingine ya tatizo, yadi haina picha nzuri. Huwezi kukata utepe kwenye uwanja wa zege wenye vyoo. Nimeshawahi kusikia mtu mzima, tena mwenye elimu yake, akisema "yaani tukope hela za wazungu tujengee madereva choo?" Ndio mzee. Tuwajengee.

Ngoja niseme ningefanyaje. Yadi isiwe mjini, iwe upande wa Mpemba kabla ya kuingia, maana lengo ni lori lisiingie kwenye shingo ya chupa mpaka zamu yake ifike. Sakafu iwe zege au tofali nzito za kutandaza, isiwe lami, kwa sababu ile ya tone la dizeli nimeshaeleza. Tenka ziwe na kona yao na ukuta wa udongo, mbali na majiko. Mtaro wa yadi upitie kwenye shimo la kutenganisha oili na maji kabla ya kwenda mtoni. Na kitu cha maana kuliko zege lote hilo ni namba. Estonia mpakani kwao na Urusi, mwaka 2011 waliweka utaratibu malori yasipange foleni barabarani, yakawa yanajiandikisha kwa mtandao, yanaingia uwanja wa kusubiri, yanalipa ada, afu yanaitwa kwa zamu kwenda getini. Kilichofanya kazi pale ni kwamba geti halikupokea gari ambalo halijaitwa. Bila hiyo kanuni yadi yako itabaki tupu na barabara imejaa, kwa sababu dereva hawezi kukaa pembeni huku mwenzake anajisogeza mbele kwa ujanja. Binamu yangu alinijibu hivyohivyo nilipomuuliza kwa nini asiingie yadi ya kulipia palepale jirani. "Dogo, nikitoka kwenye mstari nani atanirudisha?"

Hii ina maana TRA na wenzao wa Zambia lazima wakubali kufunga mfumo wao na mfumo wa yadi, karatasi zikikamilika namba inapigwa. Bila wao halmashauri inajenga kiwanja cha mpira. Na hapo ndo ugumu wa kweli ulipo, kwa sababu Zambia iko COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, sisi tulishatoka toka 2000, wao hawamo Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotuunganisha ni SADC, jumuiya ya nchi za kusini, na makubaliano ya nchi mbili, kwa hiyo kila kitu kidogo ni kikao.

Kuna pingamizi mbili nazichukulia kwa uzito. Moja inasema malori yatapungua yenyewe. Septemba 2024 huko Beijing marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia makubaliano ya kuifufua TAZARA, na upande wa pili kuna korido ya Lobito Angola inayotaka kuivuta shaba ya Kongo kwenda Atlantiki. Inawezekana. Lakini reli ikipona itachukua kwanza mzigo mzito wa moja kwa moja, shaba na salfa, na itaacha mchanganyiko, mahindi, saruji, gari za IT, vitu vya dukani. Na hata yakipungua nusu, ekari 11 za zege zenye maji, umeme, ukuta na vyoo karibu na barabara kuu unazigeuza soko la jumla la mazao ndani ya wiki. Barabara ya njia nne huwezi kuigeuza kitu kingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi maana ni la watu. Foleni ndo ajira. Mama ntilie, fundi pancha, wabadilisha hela, anayechaji simu kwa betri la gari, bodaboda anayekimbiza karatasi kwa wakala, mwenye chumba kimoja anachokigeuza gesti. Mji mzima una mkono kwenye mfuko wa dereva aliyekwama. Ukiyahamisha malori kilomita kadhaa nje bila kuwahamisha hawa umewaua, na watakuja usiku wakae nje ya geti la yadi, na utakuwa umejenga foleni mpya ya vibanda. Nimeona miradi ya stendi kwenye miji mingine ikienda hivyo, stendi nzuri nje ya mji, mabasi yanaingia kwa lazima, vibanda vya ndani kodi ya juu wamepangishwa watu wenye hela zao, wale wa zamani wako nje kwenye jua na mabeseni. Kwa hiyo vizimba vya ndani vigawiwe kwa majina ya waliopo leo, waorodheshwe kabla hata greda halijaingia, na kodi iwe ya siku sio ya mwaka, kwa sababu biashara ya foleni ni ya siku.

Mama niliyekuwa nakula kwake zile siku mbili nilimuuliza. Ilikuwa jioni, karatasi ya binamu imeshapatikana, anapasha injini.

"Shikamoo mama. Hivi wakiyapeleka malori yote Mpemba, wewe utafanyaje?"

"Marahaba mwanangu. Sufuria zangu tatu na benchi, najitwika naenda. Hapa penyewe nilihama kutoka kule juu walipobomoa." Akachukua beseni la maji ya vyombo, akainua ubao mmoja wa kibanda, akayamwaga kwenye mtaro uliojaa, yakarudi yakamlowesha miguu. "Ila huko Mpemba waambie waweke na pa kumwaga."